Fyuzi ya Juu Haioni Moto wa Chini: Kupima Nyaya na Kinga za Transfoma

Chukua transfoma ya kVA 500 inayopokea volti 11,000 na kutoa volti 400. Juu, upande wa volti kubwa, kuna fyuzi za ampea 50. Chini, kuna mtu aliyechomoa kebo ya shaba ya milimita za mraba 16 moja kwa moja kwenye busibaa (chuma kinene kinachogawa umeme kwa nyaya zote), akaivuta mita 40 hivi bila kuiwekea breka, akijiambia kwamba fyuzi zipo huko juu. Siku moja, mwisho wa kebo hiyo, fezi inagusa mwili wa mashine uliofungwa ethi, na mkondo wa ampea 2,000 unaanza kupita. Kebo ya ukubwa huo yenye kihami cha XLPE (plastiki inayovumilia joto kuliko PVC) hufika nyuzi joto 250, ambazo ndizo kikomo cha kihami chake wakati wa shoti, kwa muda wa sekunde moja na theluthi hivi. Je, fyuzi ya ampea 50 itakatika baada ya muda gani?

Haitakatika. Ampea 2,000 za chini, zikihamishiwa upande wa juu wa transfoma hii, ni ampea 42 tu. Fyuzi ya 50 hubeba 42 kutwa kucha bila kutoa jasho. Hata ukijumlisha mzigo wa kawaida unaopita humo, bado kebo itakuwa majivu kabla fyuzi haijafikiria kukatika.

Nimeanzia hapa kwa makusudi. Mafunzo mengi ya transfoma huanza na fomula, na msomaji huondoka akiwa na fomula mkononi lakini hajui kila namba inamlinda nani. Kinga iliyo kabla ya transfoma ina kazi yake, na kinga iliyo baada ya transfoma ina kazi nyingine. Zinasaidiana, ila hakuna inayoweza kushika zamu ya mwenzake. Fyuzi ya juu ni mlinzi wa getini: atamzuia anayekuja na shoka kubomoa ukuta, lakini hawezi kujua chungu gani kinaungua jikoni.

Namba mbili za kuanzia

Kwa transfoma ya fezi tatu, mkondo wa mzigo kamili ni kVA gawanya kwa kilovolti, halafu gawanya tena kwa 1.732. Kwa fezi moja, hiyo 1.732 haipo. Transfoma yetu ya kVA 500 inatupa ampea 26.2 upande wa praimari, yaani juu, na ampea 722 upande wa sekondari, yaani chini. Kama bamba la transfoma limeandika volti tofauti kidogo, tuseme 415 au 433, fuata bamba. Ampea zilizoandikwa pale ndizo kiwanda kilichozitumia kupima joto la koili.

Angalia tofauti ya hizo namba. Nguvu ni ileile, lakini juu inapita kwenye waya unaoweza kuushika kwa vidole viwili, na chini inahitaji kebo ambazo mtu mmoja hapindi peke yake. Tofauti hiyo inaleta jambo ambalo nitalirudia baadaye: juu, ukubwa wa kebo huamuliwa na shoti, chini, huamuliwa na joto la mzigo. Anayetumia hesabu moja pande zote mbili atakosea upande mmoja.

Asilimia nne

Kwenye bamba kuna namba ambayo wengi huiruka: impidensi, imeandikwa kwa asilimia. Maana yake ni nyepesi ukiifikiria kwa vitendo. Unganisha nyaya zote za sekondari pamoja, yaani zipige shoti kwa makusudi, kisha pandisha volti za praimari polepole kutoka sifuri. Itafika mahali ambapo mkondo wa mzigo kamili unapita kwenye koili. Kama hapo volti zimefika asilimia 4 tu ya volti za kawaida, basi impidensi ni asilimia 4.

Sasa piga shoti hiyohiyo huku volti zikiwa kamili. Zimezidi mara 25, kwa hiyo mkondo nao utazidi mara 25. Ampea 722 zinakuwa takribani 18,000. Upande wa juu, 26.2 zinakuwa 656. Hesabu hii inadhani kwamba gridi iliyo nyuma ya transfoma haichoki kamwe, jambo ambalo si kweli kabisa, lakini kosa lake liko upande wa usalama: shoti halisi itakuwa ndogo kidogo kuliko hiyo.

Viwango vya IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, vinataka impidensi isiyopungua takribani asilimia 4 kwa transfoma za hadi kVA 630, asilimia 5 kutoka hapo hadi kVA 1,250, na 6 hadi kVA 2,500. Sababu inaonekana ukipiga hesabu: transfoma kubwa yenye impidensi ndogo ingeruhusu shoti ambazo breka za kawaida haziwezi kuzikata. Koili zenyewe nazo zinatakiwa kuvumilia joto la shoti ya namna hiyo kwa sekunde 2. Kwa hiyo kinga yoyote utakayochagua juu lazima iwe imemaliza kazi ndani ya muda huo, na ikiwezekana mapema sana.

Kilo-ampea 18 hizo zina jambo jingine la kusema kuhusu breka. Kila breka ina uwezo wake wa kukata, ambao ni tofauti kabisa na ampea zake za kazi. Breka ndogo inayobanwa kwenye reli ya paneli, yenye uwezo wa kilo-ampea 6, ikifungwa hatua chache kutoka kwenye transfoma hii, haitakata shoti. Itapasuka. Ukiwa mbali, urefu wa kebo umeshapunguza makali na breka hiyohiyo inatosha. Ndiyo maana swali la "breka gani" halijibiki bila swali la "iko wapi".

Dharuba ya kuwasha

Sasa tufikie kinachomchanganya kila anayeanza. Kama mkondo wa praimari ni ampea 26, kwa nini tusiweke fyuzi ya 30 tukalala usingizi?

Kwa sababu haitavuka siku ya kwanza. Transfoma inapowashwa, sumaku ndani ya kiini chake cha chuma haianzi pale inapotakiwa. Ukiiwasha wakati wimbi la volti linapita kwenye sifuri, sumaku ya kiini hulazimika kupanda karibu mara mbili ya kilele chake cha kawaida katika nusu ya kwanza ya wimbi. Na kama kiini kilibakiwa na sumaku ya mara ya mwisho kilipozimwa, hiyo nayo inajumlishwa. Chuma kinashiba. Kikishashiba, koili inakuwa kama waya mtupu, na mkondo unaruka. Kanuni inayotumiwa sana katika kupanga fyuzi ni kuhesabu mara 12 ya mzigo kamili kwa sehemu ya kumi ya sekunde, na mara 25 kwa sehemu ya mia ya sekunde. Kwa transfoma yetu ni ampea 315 kwa muda mmoja na 656 kwa ule mwingine, na hakuna kitu chochote kilichoharibika. Ni kuamka kwake tu.

Dharuba hiyo huonekana upande unaowashwa peke yake. Breka ya sekondari haiijui. Hapa ndipo chanzo cha malalamiko ya "breka inaruka kila nikiwasha, lakini ikikubali mara moja inakaa siku nzima". Transfoma ni nzima. Ni suala la sekunde gani umeigusa swichi na sumaku gani ilibaki ndani. Tiba si kuongeza ukubwa wa breka kiholela. Ni kuchagua breka ambayo ukataji wake wa papo hapo umewekwa juu ya dharuba, au fyuzi ya aina inayovumilia mshtuko mfupi.

Kwa hiyo fyuzi ya juu inabanwa kati ya kuta mbili. Lazima iwe nzito kiasi cha kuvumilia dharuba, na iwe nyepesi kiasi cha kukatika kabla koili hazijaharibika kwa shoti. Katikati ya kuta hizo, fyuzi za volti kubwa mara nyingi huangukia karibu mara mbili ya mzigo kamili, na ndipo 50 yetu ilipotokea. Lakini tazama tulichopoteza. Transfoma ikibebeshwa mzigo wa asilimia 150, praimari inavuta ampea 39. Fyuzi ya 50 haioni tatizo. Transfoma inaweza kupikwa taratibu miezi mizima na fyuzi zikabaki nzima zikimeremeta.

Na kupikwa huko si maneno matupu. Kwa transfoma za mafuta zenye karatasi ya kawaida, hesabu ya IEC inachukulia nyuzi joto 98 kwenye sehemu yenye joto kali zaidi ya koili kuwa ndiyo kasi ya kawaida ya kuzeeka. Kila nyuzi 6 zikiongezeka, kasi hiyo hurudufu. Kwenye 104 karatasi inazeeka mara mbili, kwenye 110 mara nne. Kinachozuia hali hiyo ni breka ya sekondari iliyowekwa sawasawa na ampea 722, pamoja na kipimajoto cha mafuta au cha koili. Fyuzi ya juu haina mkono hapo.

Kuna na jambo jingine ambalo ni vizuri ulijue. Fyuzi nyingi za volti kubwa zimetengenezwa kwa ajili ya shoti pekee. Zina mkondo mdogo kabisa zinaoweza kuukata, ambao mara nyingi ni mara kadhaa ya ampea zilizoandikwa. Chini ya hapo zinaweza kuyeyuka lakini zikashindwa kuzima cheche, zikawaka zenyewe. Ndiyo sababu hufungwa pamoja na swichi: fyuzi ikiyeyuka, pini yake huchomoza na kuifungua swichi ya fezi zote tatu.

Ampea 2,000 zinavyogeuka 42

Turudi kwenye kebo yetu inayoungua. Mtu makini atasema: uwiano wa 11,000 kwa 400 ni 27.5, kwa hiyo 2,000 gawanya kwa 27.5 ni karibu 73, na si 42. Amekosea wapi?

Transfoma nyingi za kugawa umeme zimefungwa delta upande wa juu na nyota upande wa chini. Koili ya sekondari iko kati ya fezi na nyutro, kwa hiyo inatoa volti 231. Koili ya praimari iko kati ya fezi na fezi, kwa hiyo inapokea 11,000 nzima. Uwiano wa koili kwa koili ni 47.6. Shoti ya fezi moja na ethi inapita kwenye koili moja tu ya chini, na mwenzake wa juu anabeba 2,000 gawanya kwa 47.6, yaani 42. Mkondo huo unaingia kwa laini moja na kutoka kwa nyingine. Laini ya tatu haijui habari.

Kwa maneno mengine, shoti ya fezi moja na ethi, ambayo ndiyo inayotokea mara nyingi kuliko zote, huonekana juu ikiwa imepunguzwa hadi asilimia 58 ya vile ambavyo ungeitarajia. Hata kwenye vituo vya transfoma, yaani pale kebo zinapofungwa kwenye transfoma yenyewe, ambapo chini zinapita kilo-ampea 18, juu zinaonekana 379 badala ya 656. Na delta ina hila ya pili: mkondo wa ethi wa chini haupandi juu kama mkondo wa ethi. Kipima-ethi kilichofungwa kwenye laini za volti kubwa hakitausikia kamwe, kwa sababu kwa macho yake mikondo ya laini tatu inajumlishwa kuwa sifuri. Anayetaka kulinda koili za sekondari dhidi ya hitilafu ya ethi lazima aweke kipimio chake chini, kwenye waya unaounganisha nyutro na ardhi.

Shoti ya fezi mbili ina sura nyingine tena: chini mkondo ni asilimia 87 ya shoti ya fezi tatu, lakini juu laini moja hubeba kiasi kilekile kana kwamba zote tatu zimegusana. Wanaopanga zamu ya kukata kati ya kinga za juu na za chini huzipima kwa shoti hii, maana ndiyo inayoweza kuifanya fyuzi ya juu iwahi kukatika kabla breka ya chini haijamaliza kazi yake.

Mzigo huzuiwa popote, shoti huzuiwa mwanzoni

Tukishakubali kwamba fyuzi ya juu haiwezi kuilinda kebo ya sekondari kikamilifu, linakuja swali gumu. Breka ya kwanza ya sekondari haiwezi kukaa ndani ya transfoma. Lazima kuwe na kipande cha kebo kutoka kwenye vituo vya transfoma hadi kwenye breka. Kipande hicho kinalindwa na nani?

Hapa tenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mzigo kupita kiasi ni mkondo uleule kwenye kebo nzima, mwanzo mpaka mwisho, kwa kuwa unavutwa na vifaa vilivyo mwisho. Breka iliyo mwishoni inauona sawasawa na breka ambayo ingekuwa mwanzoni. Kwa hiyo mradi hakuna aliyechomoa kitu katikati, breka ya mwishoni inailinda kebo dhidi ya mzigo bila shida yoyote. Shoti ni habari nyingine. Shoti ikitokea katikati ya kebo, mkondo unatoka kwenye transfoma, unafika pale na kurudi. Breka iliyo mbele haipitiwi na chochote. Inakaa kimya, huku kebo inawaka nyuma yake.

Kanuni zote nilizozisoma, za IEC na za Marekani, ni tafsiri ya jambo hilo moja. IEC inaruhusu kinga ya mzigo iwekwe popote kwenye njia ya kebo isiyo na matawi, iwapo kebo hiyo tayari imelindwa dhidi ya shoti na kinga iliyo nyuma yake, au iwapo urefu wake hauzidi mita 3, imefungwa kwa namna inayopunguza sana uwezekano wa shoti, na haipo karibu na vitu vinavyoshika moto. Mantiki yake ni kwamba pasipoweza kulindwa kwa kifaa, palindwe kwa ufupi na kwa ufungaji: bomba la chuma, kebo zilizotenganishwa, hakuna kona kali.

Kanuni za Marekani, NEC, zinafika palepale kwa njia ya urefu. Zinasema wazi kwamba kinga ya praimari haihesabiwi kuwa kinga ya nyaya za sekondari, isipokuwa kwa transfoma za fezi moja zenye nyaya mbili tu kila upande, na za delta kwa delta zenye nyaya tatu. Sasa unajua kwa nini ni hizo tu: ndizo ambazo mkondo wa chini unaakisiwa juu kwa uwiano ulionyooka, bila kugawanywa na nyota. Kwa zilizobaki, nyaya za sekondari zinapewa urefu wa futi 10 au futi 25 kabla ya kufika kwenye kinga, na kila urefu una masharti yake ya unene na ya kufungiwa. Zikiwa nje ya jengo na zimehifadhiwa, hakuna kikomo cha urefu, kwa kuwa moto wake hauna cha kukiunguza.

Kuna mtego mmoja wa NEC unaostahili mfano. Transfoma ya kVA 75, volti 480 kwa 208, ina ampea 90 juu na 208 chini. Ukiamua kuweka kinga juu peke yake, kikomo ni asilimia 125, yaani 112.8, na unaruhusiwa kupanda hadi saizi ya breka inayofuata, 125. Ukiweka kinga pande zote mbili, ya juu inaruhusiwa kufika asilimia 250, yaani breka ya 225, jambo linalokupa nafasi nzuri ya kuvuka dharuba. Ya chini inabaki asilimia 125, ambayo ni 260, inayopandishwa hadi breka ya 300. Mpaka hapo kila kitu kinapanda. Mtu anazoea. Anafika kwenye waya wa sekondari, anaona waya wa kcmil 300 (kcmil ni kipimo cha Kimarekani cha unene wa waya) unabeba ampea 285, anajisemea kwamba breka ya 300 ndiyo inayofuata, basi inafaa.

Haifai. Ruhusa ya kupanda saizi inayofuata, inayotumika kwa nyaya za kawaida, imezuiwa waziwazi kwa nyaya za sekondari za transfoma. Lazima waya ubebe 300 kamili, na hapo unahitaji kcmil 350, inayobeba 310. Ile asilimia 125 ilikuwa ya kuilinda transfoma. Haikuwa imesema lolote kuhusu waya. Jedwali la kulinda transfoma na jedwali la kupima nyaya ni vitabu viwili, na kufaulu kwenye kimoja hakukupi cheti cha kingine.

Kebo za chini kwa hesabu ya IEC

Kwa IEC sharti ni fupi: mkondo wa mzigo usizidi mpangilio wa breka, na mpangilio wa breka usizidi uwezo wa kebo pale ilipofungwa. Maneno mazito ni hayo ya mwisho: *pale ilipofungwa*. Jedwali linapima kebo kwenye hewa ya nyuzi joto 30, ikiwa peke yake.

Kwa ampea 722 tunachukua breka ya 800 inayorekebishika, tunaiweka kwenye 0.9, yaani 720. Kebo moja kwa kila fezi ingekuwa nene mno kupindika, kwa hiyo tunatumia mbili sambamba. Kebo za shaba za koa moja, yaani zenye waya mmoja ndani, XLPE, milimita za mraba 150, zilizokaa kwa pembetatu kwenye trei yenye hewa, hubeba takribani ampea 444 kila moja. Mbili ni 888. Inaonekana tumepita na chenji imebaki. Lakini chumba cha transfoma kina joto. Kwa nyuzi 40 tunazidisha kwa 0.91. Kebo zimebanana na nyingine kwenye trei, tuseme 0.85. Zinabaki 687. Tumefeli.

Tukipanda hadi 185, yenye takribani 510 kila moja, tunapata 1,020 mara 0.91 mara 0.85, sawa na 789. Tumefaulu. Sasa mwaka mmoja baadaye breka inaanza kuruka jioni, na fundi mwenye haraka anazungusha kile kitufe kidogo kutoka 0.9 hadi 1.0. Hakubadilisha waya hata mmoja, hakufungua boti hata moja. Lakini breka sasa ni 800 na kebo ni 789, na kebo haina tena mlinzi wa mzigo. Transfoma nayo pia imeachwa wazi, asilimia 11 juu ya uwezo wake. Mpangilio wa breka ni sehemu ya ukubwa wa kebo. Uandikwe kwenye mlango wa paneli kwa wino usiofutika.

Kebo sambamba zinagawana mkondo kwa haki iwapo tu zina urefu mmoja, saizi moja, aina moja na njia moja. Ikiwa moja imekatwa fupi kidogo, itabeba zaidi, na hakuna breka itakayolalamika kwa sababu jumla haijabadilika.

Baada ya joto la mzigo ndipo tunapima shoti. Fomula ni mkondo wa shoti, mara kipeuo cha pili cha sekunde, gawanya kwa namba ya kebo: 143 kwa shaba yenye XLPE, 115 kwa shaba yenye PVC, 94 na 76 kwa alumini. Hata kama shoti ya 18,000 ingedumu sekunde nzima, tunahitaji milimita za mraba 126. Tuna 370. Hakuna wasiwasi. Ila ile kebo ya 16 tuliyoanza nayo, shoti ikitokea mwanzoni mwake badala ya mwishoni, ina milisekunde 16 za kuishi. Wimbi moja la umeme wa hezi 50 ni milisekunde 20. Fyuzi au breka inayozuia mkondo usifike kileleni inaweza kuiokoa. Breka ya kawaida inayosubiri haiwezi.

Nyutro tusiisahau, hasa kwenye majengo yaliyojaa kompyuta na taa za LED. Mawimbi ya tatu ya vifaa hivyo, yaani yale yanayopiga mara tatu ya kasi ya umeme wa kawaida, hayafutani kwenye nyutro kama mikondo ya kawaida, yanajumlishana. Yakizidi theluthi moja ya mkondo wa fezi, nyutro ndiyo inayobeba zaidi, na kebo inapimwa kwa nyutro. Nyutro nyembamba nusu ya fezi, iliyokuwa desturi zamani, haifai tena mahali kama hapo.

Kebo ya juu

Ampea 26. Kwa joto la mzigo peke yake, waya wa milimita za mraba 4 ungetosha. Lakini tuseme gridi ya volti 11,000 mahali hapo inaweza kutoa shoti ya kilo-ampea 20, na kinga iliyo nyuma inakata baada ya sekunde 1. Fomula ileile inataka milimita za mraba 140. Kebo ya ampea 26 inakuwa nene kama mkono wa mtoto, na mwenye mradi anadhani anaibiwa.

Haibiwi, ila kuna njia ya kupunguza. Fyuzi zikihamishwa kutoka mwisho wa kebo hadi mwanzo wake, zinailinda kebo nzima, na kwa kuwa zinazima shoti kubwa kabla haijafika kilele, kebo inaweza kushuka saizi kadhaa. Mahali pa fyuzi pamebadilisha kebo zaidi ya mzigo wenyewe.

Kuna siku transfoma ya kVA 500 itaonekana ndogo, na italetwa ya kVA 1,000 iwekwe palepale. Kila mtu atakumbuka kubadilisha breka kuu na kebo zake, maana ampea zimefika 1,443 na hilo linaonekana. Paneli ndogo zilizo karibu zitaachwa, kwa kuwa mzigo wake haujabadilika. Lakini 1,443 kwa impidensi ya asilimia 5 ni shoti ya kilo-ampea 29, na breka za paneli hizo zimeandikwa uwezo wa kukata kilo-ampea 25.